Jikaze Kisabuni Haitulizi Kansa: Nani Atafikisha Mofini Kitui na Makueni?

Oktoba 2025 macho ya nchi yalikuwa Kitui. Sherehe za Mashujaa zilifanyika Ithookwe, wanasiasa wakajaa, hotuba zikatiririka. Mwezi huo huo serikali ikatangaza kwamba bima ya kansa chini ya SHA itapanda kutoka shilingi 550,000 hadi 800,000 kwa familia kwa mwaka, kuanzia Desemba. Mtandaoni ikawa ngoma. Kuna walioshukuru, kuna waliouliza kama hizo doo zinafika hospitalini ama zinaishia kwa maikrofoni, na kuna waliosema bado ni kidogo juu kemo na mionzi humeza pesa kama mchanga unavyomeza maji.

Hayo yote ni maswali ya maana. Lakini kuna moja ambalo huwa halipewi hata dakika mbili: huyo mgonjwa analala?

Simaanishi kulala wodini. Namaanisha usiku, nyumbani, kule Kyuso ama Kathonzweni, saa nane, wakati nduthi hazipo barabarani na simu ya nesi haishikwi. Kansa ikishaingia kwa mifupa haingoji kliniki ya Jumanne. Inauma mgonjwa akigeuka, inauma akikohoa, inauma hata shuka likimgusa. Na familia iko hapo chumbani, inasikia kila kitu, na kwa meza kuna nini? Panadol.

Hapo ndipo nataka tukae leo. Maumivu ya kansa si kitu cha kungoja mashine ya mabilioni. Dawa yake iko, inajulikana, ni ya bei ya chini, na mtu anaweza kuinywa akiwa kwake kitandani. Ikimkosa mgonjwa wa Ukambani, tatizo si sayansi na si bei. Tatizo ni njia ambayo ile chupa inapaswa kupita mpaka imfikie.

Kwanza hesabu. Kwa makadirio ya shirika la utafiti wa kansa lililo chini ya WHO, mwaka wa 2022 Kenya ilikuwa na wagonjwa wapya 44,726 wa kansa na vifo 29,317. Yaani kwa kila wagonjwa wapya watatu, kuna vifo karibu viwili. Wengi hufika kwa daktari wakiwa wamechelewa, hatua ya tatu ama ya nne, baada ya kuzunguka kwa miezi wakitibiwa vidonda vya tumbo, mgongo, ama kuambiwa wamerogwa. Kwa mtu aliyefika hapo, kemo inaweza kumwongezea muda, na hilo si jambo dogo. Lakini muda wa namna gani? Miezi sita ya kukaa na wajukuu chini ya mwembe ni tofauti kabisa na miezi sita ya kulia kwa sauti ya chini ukiangalia ukuta.

Unakumbuka Julai 2019? Bob Collymore wa Safaricom alituacha tarehe 1. Ken Okoth, mbunge wa Kibra, akafuata tarehe 26. Siku tatu baadaye, gavana wa Bomet Joyce Laboso. Wote watatu walikuwa wametafuta matibabu ng'ambo. Nchi nzima ilitetemeka, watu wakataka kansa itangazwe janga la kitaifa, na mazungumzo yote yakaenda kwa mashine: mionzi iko wapi, kwa nini kila mtu lazima aende Nairobi. Na kusema ukweli, hapo kuna kitu kilifanyika. Leo mionzi ya serikali haipatikani Kenyatta peke yake. Iko pia Eldoret, hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, Mombasa, Nakuru na Garissa. Msee wa Mwingi sasa anaweza kuamua kama atashuka Nairobi ama atapanda Garissa kwa barabara hiyo hiyo moja.

Mashine huwa na utepe wa kukatwa na picha ya gavana. Chupa ya dawa ya maumivu haina utepe.

Mofini ni nini hasa

Jina tu linafanya watu waruke. Mofini! Si hiyo ndiyo dawa ya kulevya? Tutafika hapo. Kwanza jua kwamba mofini iko kwenye orodha ya WHO ya dawa za lazima tangu orodha hiyo ianze mwaka wa 1977. Mwaka wa 1986 WHO ikachora kitu kinaitwa ngazi ya maumivu. Chini kabisa kuna parasetamoli na ibuprofeni. Katikati kuna kodeini na wenzake, wale akina tramadoli. Juu kuna mofini. Miaka mingi madaktari walifundishwa kupanda ngazi hatua kwa hatua, lakini mwongozo wa WHO wa 2018 ulilegeza hapo: mtu akija na maumivu makali, hakuna haja ya kumzungusha na Panadol kwa wiki tatu ndio apande daraja. Anaweza kuanzishwa mofini moja kwa moja.

Ile inayotumika sana huku kwetu Afrika Mashariki si ya sindano. Ni ya maji. Poda inatoka kiwandani, mfamasia anaichanganya na maji na kitu cha kuizuia isiharibike, anaitia kwa chupa, mgonjwa anapimiwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano ama kwa kijiko cha kupimia. Uzuri wake ni mkubwa. Haihitaji nesi wa kudunga. Na kwa mtu mwenye kansa ya koo la chakula, ambayo ni kati ya zile zinazoua sana Kenya, kumeza tembe ni vita, lakini tone tone la maji linaweza kupita.

Kitu kikubwa cha kuelewa ni saa. Mofini ya maji kazi yake huisha kama baada ya masaa manne. Kwa hivyo inanywewa kila baada ya masaa manne, maumivu yawepo yasiwepo, na ile ya wakati wa kulala mara nyingi daktari huipanga iwe kubwa zaidi ndio mtu asiamke katikati ya usiku. Wengi wetu tumelelewa kumeza dawa ukiumwa na kuacha ukipata nafuu. Kwa maumivu ya kansa hiyo njia inakuangusha. Ukingoja moto uwake ndio utafute maji, utahitaji maji mengi na bado utaungua. Ukinywa kwa saa, maumivu hayapati nafasi ya kuinua kichwa. Kukiwa na yale yanayochomoka ghafla katikati, mtu akigeuzwa ama akibadilishwa bandeji, kuna kipimo cha ziada ambacho daktari anaandika pembeni.

Kingine ambacho familia haziambiwi vizuri ni choo. Mofini inafunga choo, karibu kwa kila mtu, na mwili hauzoei. Sasa mgonjwa anakaa siku tano bila kuenda, tumbo linajaa, anakataa kula, na nyumbani wanaamua dawa ndiyo inamuua. Wanaiacha. Maumivu yanarudi kwa hasira. Hii stori ukiuliza wauguzi wa kansa watakwambia wameiona mob. Na suluhisho lake ni rahisi hadi inaudhi: dawa ya kulainisha choo ianze siku ile ile mofini inapoanza. Ukipewa chupa ya mofini bila dawa ya choo, usitoke kwa hiyo dirisha la famasi. Uliza.

Kichefuchefu na usingizi wa siku za kwanza huwa zinapungua baada ya siku chache. Na wakati mwingine ule usingizi si sumu. Ni mtu aliyekesha wiki tatu ambaye hatimaye amepata nafasi.

Mofini pia haifanyi kila kitu peke yake. Maumivu ya neva, yale ya kuchoma kama moto ama ya kupiga kama stima, mara nyingi hutaka dawa nyingine pembeni, kama amitriptilini. Mfupa uliovamiwa unaweza kutulizwa na mionzi, hata dozi moja tu, si lazima wiki sita. Ndio maana kazi hii inahitaji mtu aliyesomea. Kiswahili kimeipa jina, tiba shufaa, ingawa huku mitaani kila mtu anasema paliativu. Ni kumwangalia mgonjwa mzima: mwili, akili, pesa, imani, na wale wanaomlinda.

"Mathe atakuwa teja"

Sasa ile hofu. Kenya tunajua heroini imefanyia vijana nini, Pwani hadi Nairobi. Tunajua arosto. Pia tumesikia stori za Marekani, vile kampuni ya Purdue iliuza tembe za OxyContin kama njugu mpaka nchi ikaingia kwa shida ya vifo. Kwa hivyo kijana akiambiwa mama yake anaandikiwa mofini, kitu cha kwanza kinamjia ni teja wa stendi.

Tutenganishe mambo. Mwili wa mtu anayekunywa mofini kwa wiki kadhaa huizoea, na akiikata ghafla atatetemeka na kutoka jasho. Ndio maana haikatwi ghafla. Inashushwa polepole kama ile sababu ya maumivu imeondoka. Hiyo si uteja. Uteja ni mtu kuikimbilia dawa hata inapomharibia maisha. Kwa mgonjwa wa kansa anayepewa kwa kipimo na kwa saa, hilo ni nadra. Shida ya Marekani ilianza sana kwa tembe zilizotolewa ovyo kwa mgongo na magoti ya watu ambao hawakuwa na kansa, huku kampuni ikisukuma mauzo. Kumnyima susu wa Mutomo chupa yake kwa sababu ya makosa ya kampuni ya ng'ambo ni hesabu ambayo mimi siielewi.

Hofu ya pili ni nzito zaidi, na inakaa ndani ya nyumba. Watu wanaamini mofini ni dawa ya kuaga. Ukisikia mzee ameanzishwa mofini, jamaa wanaanza kupigiana simu, mtu anaulizia jeneza. Kwa hivyo familia inakataa, ikidhani inapigania uhai. Ukweli ni kwamba watu wanaikunywa kwa miezi, wengine zaidi ya mwaka, huku wakiendelea na kemo. Wapo wanaorudi shambani kuangalia ndengu, wanaoenda kanisani Jumapili, kwa sababu tu kiuno kimeacha kupiga kelele.

Ya tatu iko upande wa wahudumu wenyewe. Nesi ama daktari mchanga anaogopa kwamba mofini itazima pumzi. Ikizidishwa vibaya, inaweza, hakuna haja ya kudanganyana. Lakini ukianza kidogo na kupanda kwa utaratibu, mgonjwa husinzia sana kabla pumzi haijaguswa, na huo ni mlio wa kengele ambao mtu aliyefunzwa anauona mapema.

Halafu kuna ile hofu isiyo na jina, ya sisi wenyewe. Ukambani mwanaume halii. Mwanamke naye amezaa watoto saba, ataambia nani mgongo unamshinda? Muulize, "Susu, unaumwa?" Atakwambia, "Aiee, nimezoea." Mtaani tunasema jikaze kisabuni, na kwa mambo mengi ya maisha hiyo lugha inasaidia. Kwa kansa inadanganya daktari. Wauguzi wa tiba shufaa wana mbinu poa ya kuzunguka hapo: wanatumia mkono. Ngumi ni hakuna maumivu, vidole vitano ni yale mabaya kabisa. Mzee ambaye hawezi kutamka "naumia" anaweza kuinua vidole vinne, tena bila kukuangalia.

Njia ya chupa

Turudi kwa chupa yenyewe. Mwaka wa 2010 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto wa Kenya wanaoumia bila sababu. Kati ya hospitali za umma karibu 250, ilikuta mofini ya kunywa katika saba tu. Saba. Nairobi Hospice ilikuwa imefanya kazi tangu 1990, na hospisi nyingine zilikuwepo miji mikubwa, lakini serikali yenyewe ilikuwa karibu haipo.

Hiyo ni kitambo na mambo yamesonga, lazima tuseme. Muungano wa hospisi nchini, KEHPCA, ulisukumana na wizara mpaka hospitali kubwa za serikali zikaanza kufungua vitengo vya tiba shufaa. Mwongozo wa kitaifa ukatoka 2013. Kisha ikaja sera ya tiba shufaa ya 2021 hadi 2030. Kwenye karatasi tuko fiti.

Lakini cheki ramani. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,136,187 Kitui na 987,653 Makueni. Kitui, ukijumlisha kipande chake cha mbuga ya Tsavo, ni kubwa kuliko Rwanda nzima. Hospitali za rufaa ziko Kitui mjini na Wote. Mtu wa Tseikuru ama Ikutha, ama wa ndani kabisa Kibwezi, yuko mbali na hapo kwa kilomita nyingi, na sehemu kubwa si lami. Sasa mchukue mwanaume mwenye kansa ya tezi dume iliyoingia uti wa mgongo. Mweke nyuma ya nduthi katikati ya watu wawili ili asianguke. Mpeleke kwa murram mpaka stendi, mkalishe kwa matatu kiti cha nyuma, mpeleke mjini akachukue dawa ya wiki mbili. Kila tuta anakufa kidogo. Akifika anaambiwa daktari anayeandika hiyo dawa hayuko leo, rudi Alhamisi. Hatarudi. Na kwa rekodi za hospitali atakuwa tu ni mtu aliyekosa kliniki.

Neno la kushika hapo ni "daktari anayeandika". Mofini inalindwa na sheria ya mihadarati ya 1994, sheria iliyotungwa macho yakiwa kwa walanguzi, ingawa inaruhusu matumizi ya hospitali. Anayetambuliwa kuandika ni daktari. Lakini nani anayekutana na mgonjwa wa Kanziko ama Nguu? Ni nesi wa zahanati na afisa wa kliniki. Daktari yuko mjini, na kuna siku hayuko kabisa. Kumbuka mgomo wa madaktari wa 2024 ulidumu siku 56. Gawanya siku 56 kwa masaa manne manne uone ni vipimo vingapi.

Uganda waliliona hili mapema. Mwaka wa 1993 Dkt. Anne Merriman, daktari kutoka Liverpool aliyekuwa amefanya kazi Nairobi na Singapore, alianzisha Hospice Africa Uganda na ile mofini ya maji ya bei ya chini. Mwaka wa 2004 Uganda ikafanya kitu ambacho kilishangaza dunia: sheria ikaruhusu wauguzi na maafisa wa kliniki waliosomea kozi maalum waandike mofini wenyewe. Serikali ikakubali dawa itolewe bure kwa mgonjwa. Chupa zina rangi kulingana na nguvu, kijani ni nyepesi, halafu waridi, halafu bluu, ndio hata nyanya asiyesoma asichanganye. Miaka ishirini na kitu imepita na hakujaonekana huko shida ya tembe kama ile ya Marekani. Uganda si tajiri kutushinda. Walibadilisha tu nani anashika kalamu.

Kama unadhani hili ni suala la Afrika kukosa pesa, sikia hii. Mwaka wa 2017 tume ya jarida la Lancet ilihesabu dawa za jamii ya mofini zinazosambazwa duniani kwa mwaka: tani 298.5. Nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1. Dawa haina hati miliki, ni ya karne ya kumi na tisa, bei yake ni ya chini. Mgao ndio noma.

Nani ashikwe koti

Hapa watu hupenda kurusha mawe Nairobi. Lakini soma Katiba ya 2010, Jedwali la Nne. Vituo vya afya na famasi za kaunti ni kazi ya kaunti. Sheria ya kuandika dawa ni ya Bunge, hiyo sawa, na hapo wabunge wa Ukambani wanaweza kuulizwa. Lakini kuagiza poda kutoka KEMSA, kuhakikisha kuna mfamasia wa kuichanganya, kupeleka nesi mmoja mmoja kusoma tiba shufaa, kuweka kabati la kufuli na kitabu cha kumbukumbu Mwingi, Mutomo, Makindu na Mbooni, hayo yako kwa meza ya gavana na waziri wake wa afya.

Na hizi si kaunti zinazongoja kufundishwa. Makueni ya Kivutha Kibwana ndiyo ilileta MakueniCare mwaka wa 2016, familia inalipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa hospitali za kaunti, wakati wengi walikuwa bado wanasema haiwezekani. Kitui ya Charity Ngilu ikaja na K-CHIC, shilingi 1,000. Zilikuwa na mashimo yao, na SHA imekuja juu yake zote, lakini zilionyesha kwamba kaunti kavu za Ukambani zinaweza kuamua jambo na kulifanya bila kungoja ruhusa. Mutula Kilonzo Junior na Julius Malombe hawaanzi na karatasi tupu.

SHA nayo, hata ikipanda hadi 800,000, imejengwa kwa mgonjwa anayeenda hospitali. Analazwa, anapigwa kemo, anapigwa mionzi, hospitali inadai. Ni sawa kwa anayepona. Yule ambaye hawezi tena kubebwa hadi stendi, bima yake inamsaidia na nini? Ukiniuliza mimi, sehemu ndogo tu ya hiyo nyongeza ingetosha kulipia nesi wa kuzunguka kwa pikipiki na chupa zake, siku mbili kwa wiki, wadi kwa wadi. Sisemi iwe badala ya kemo. Nasema mtu asilazimike kuchagua.

Wa kuanza nao wako tayari. Septemba 2023 Rais Ruto alizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini, wale unaowaona vijijini na mabegi yao, wanapima presha na sukari. Hawawezi kutoa mofini na hawapaswi. Lakini wanaweza kufundishwa ule mkono wa vidole vitano, wakiona vinne wanapiga simu kwa nesi kabla mambo hayajaharibika. Leo mara nyingi anayejua kwamba jirani anaumia ni mwenyekiti wa kikundi cha WhatsApp cha harambee, na huyo kazi yake ni kuhesabu michango.

Makueni wana desturi ya kukutana kuanzia kijijini kupanga bajeti, na Kitui nako sheria inalazimisha umma ushirikishwe. Watu huenda pale kuomba zege, maji, barabara, sola ya soko. Hakuna kinachozuia mtu kusimama na kuuliza maswali matatu. Wiki hii, hospitali ya kaunti ndogo iliyo karibu nasi ina mofini ya kunywa ama haina? Nani anaruhusiwa kuiandika, na asipokuwepo nani anashika nafasi yake? Mwaka jana kaunti iliagiza kiasi gani, na kilitumika ama kiliharibikia stoo? Hilo la mwisho ni muhimu, juu famasi ikiagiza na madaktari wasiandike, mwaka unaofuata haitaagiza tena, na daktari naye atasema haandiki kwa sababu haipo. Huo mduara unazunguka hospitali nyingi, na hauvunjwi mpaka mtu kutoka nje aulize.

Kama una mgonjwa nyumbani sahii, kuna vitu vya kufanya kabla siasa haijasonga. Andika kwa daftari: saa, vidole vingapi, amekunywa nini, choo lini. Ukienda kliniki na hiyo karatasi, daktari anabadilisha kipimo kwa dakika tano badala ya kubahatisha. Kama mgonjwa hawezi kusafiri, uliza kliniki yenyewe, kabla hujatoka, kama mtu wa familia anaweza kumchukulia dawa na anahitaji karatasi gani. Usiongeze wala kupunguza kipimo kwa kusikia jirani, na usimpe mtu mwingine hata kama naye anaumwa kiuno, kwa sababu kipimo cha mgonjwa aliyezoea kinaweza kumuua mtu ambaye hajawahi kuinywa. Chupa ikae juu, mbali na watoto na mbali na jua. Akisinzia mpaka haamki ukimwita ama pumzi ikiwa nzito na ya polepole, hiyo ni ya kukimbia hospitali.

Na dawa ikibaki baada ya mgonjwa kuenda, usiimwage chooni wala kuiweka kabatini kwa siku nyingine. Irudishe famasi ya hospitali ilikotoka, wakupokee, waandike kwa kitabu chao.